Harusi ya kipupwe: panga saa kwanza, ukumbi baadaye

Mwaka ukianza tu, kamati za harusi za Njombe, Makete na Mafinga huanza kugombea Jumamosi za Juni, Julai na Agosti, na sababu zao ni za msingi. Kwaresima inakuwa imepita. Mvua za Nyanda za Juu Kusini, ambazo huja kwa msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi karibu na Mei, zinakuwa zimekatika, kwa hiyo barabara za vijijini zinapitika. Shule hufungwa Juni. Mahindi yanaingia ghalani, na aliyeahidi mchango sasa ana cha kutoa. Kwa sisi tunaoratibu sherehe, hakuna miezi mizuri kuliko hii, isipokuwa kwa jambo moja: baridi.

Wenyeji wameizoea baridi hiyo kiasi kwamba ni nadra kuiona kwenye bajeti. Utakuta fungu la mapambo, la MC, la muziki, la picha na video, la keki. Fungu la joto halipo. Ikifika saa 3 usiku ndipo pengo linaonekana: wazee waliokalishwa meza za mbele kwa heshima wamejikunyata, mama amemviringisha mtoto khanga mbili na bado anatetemeka, vijana waliotoka Dar es Salaam wamejifungia kwenye magari, na MC anawabembeleza watu warudi ukumbini kushuhudia keki ikikatwa.

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika takribani mita 2,600. Wakati wa kipupwe hewa ya huku ni kavu na mara nyingi anga halina wingu. Mchana jua linapiga vizuri, ardhi inapata moto, watu wanavua makoti. Jua likizama, mnamo saa 12 na nusu jioni, hakuna mawingu ya kulizuia joto hilo lisitoroke juu. Ardhi inapoa haraka, na hewa iliyo juu yake inapoa nayo. Usiku nyuzi joto hushuka chini ya 10, na kule Makete kuna asubuhi ambazo umande unakutwa umeganda kwenye majani. Mgeni aliyekaa saa 8 mchana na akabaki hadi saa 2 usiku ni kama amehamishwa mkoa bila kunyanyuka kitini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kamati yoyote ya huku ni kuhamisha saa. Ibada iwe saa 3 asubuhi badala ya saa 9 alasiri. Picha zipigwe saa 5, chakula kiwe saa 7, zawadi na keki zifuate, na ikifika saa 11 jioni wazee na watoto wawe wameanza kuondoka. Vijana wanaotaka kucheza hadi usiku wacheze. Miili yao inaweza, na kucheza kwenyewe kunapasha moto.

Nasikia kila mara kwamba harusi ya mchana haina hadhi, kwamba taa na mapambo havionekani. Siikubali hoja hiyo. Hadhi ya harusi iko kwa watu walioitwa na namna walivyotunzwa, na bibi wa miaka 80 aliyepanda gari kutoka Ludewa kumwona mjukuu wake hastahili kurudi na kifua. Tena mchana unapunguza gharama: taa chache, mafuta machache ya jenereta, na wageni wanaorudi salama barabarani. Tatizo halisi la ratiba hii ni kanisa, kwa kuwa Jumamosi moja ya Julai inaweza kuwa na ndoa kadhaa na kila mtu ana saa anayoitaka. Nenda kwa paroko au mchungaji mapema, kabla hata ya kulipia ukumbi. Hata wanaofunga ndoa ya kiserikali wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai notisi ya siku 21.

Kama sherehe itafanyika chini ya turubai, angalia umbo la eneo. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Usiku hutiririka kushuka mteremko na kutuama bondeni. Wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanalijua hili bila kuambiwa, kwa sababu viazi vya bondeni ndivyo vinavyoungua kwa baridi wakati vya juu kidogo vimesalimika. Uwanja tambarare ulio karibu na mto unavutia sana kwenye picha, lakini jioni ndiyo sehemu ya kwanza kupoa. Chagua sehemu ya juu ya mteremko, na ufunge pazia za turubai upande unaotoka upepo tu.

Chakula ndicho kinachowaangusha wengi, hasa wapishi wanaokuja kutoka Pwani. Katika mwinuko wa Njombe maji huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi, siyo 100. Yatatokota mbele ya macho yako, lakini maharage na nyama vitachelewa kuiva hata ukichochea kuni kiasi gani, maana maji yakishaanza kuchemka hayapandi moto zaidi. Maharage yalowekwe tangu usiku, nyama ianze mapema, na kuni ziagizwe za ziada. Hamira nayo hupooza kwenye baridi, hivyo unga wa maandazi unaokandwa alfajiri hautaumuka kwa muda uliozoeleka Dar es Salaam. Pombe za kienyeji pia huchelewa kuchachuka. Anayezitengeneza aongeze siku.

Kisha kuna kupakua. Mafuta ya mbuzi huganda haraka sana. Mgeni akishapakuliwa, akapita kusalimia meza mbili na kutafuta kiti chake, anakuta utando mweupe umeshika ukingo wa sahani na mchuzi umekuwa mzito. Dawa yake si ghali: sahani zioshwe kwa maji ya moto na kufutwa muda mfupi kabla ya kupakua, chakula kitolewe jikoni kidogo kidogo huku sufuria kubwa zikibaki motoni, na meza za wazee zihudumiwe walipo bila kupanga foleni. Mlangoni weka chupa za chai ya tangawizi au supu. Soda hazihitaji barafu. Bajeti ya barafu ihamishiwe kwenye chai.

Kuhusu mkaa naomba nisikilizwe. Kamati ikiona watu wanatetemeka, mtu huleta majiko ya mkaa na kuyapanga ndani ya turubai lililofungwa pande zote, au kwenye chumba anachovalia bibi harusi. Usikubali kamwe. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, mambo ambayo siku ya harusi kila mtu atayaita uchovu. Inaua. Moto uwe nje, mahali pa wazi, watu wausogelee. Mwenye dalili hizo atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali.

Mavazi sina mengi ya kusema, kwani mafundi wa huku wanajua kazi yao. Gauni lenye mikono mirefu linapendeza. Ukitaka lisilo na mikono, mpambe wako ashike kashida nzito ya rangi moja nalo. Kwenye kadi ongeza mstari mmoja unaowaambia wageni waje na koti. Na kabla ya kununua sare ya tatu ya kamati, fikiria blanketi kwa bibi na babu wa pande zote mbili, wakabidhiwe mwanzoni mwa sherehe ili wajifunike hapo hapo.

Haya yote yanahusu nyanda zetu hizi, zenye kipupwe kikavu cha jua. Anayefunga ndoa Limuru, au vijiji vya juu vya Machame, asiyachukue yalivyo. Kule Julai mara nyingi mawingu hutanda na manyunyu huanguka hata mchana, kwa hiyo jua si la kutegemea na ukumbi wenye kuta ni lazima. Kwa huku Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe na utabiri wa siku chache mbele. Mwanakamati mmoja apewe kazi ya kuufuatilia wiki ya harusi.

Jambo la mwisho kwenye orodha yangu huwa ni magari ya kurudi. Kamati nyingi hukodi basi la kuwaleta watu na kuacha suala la kuwarudisha lijitatue usiku, stendi, kwenye baridi. Dereva alipwe nauli ya kwenda na kurudi, aambiwe saa ya kuondoka, na jina lake na namba yake ya simu awe nayo MC.