Hodi ya Programu: Uthibitishaji wa Mteja Mtandaoni na Msamiati Wake

Makala haya yananuia kufafanua mbinu ambazo programu ya tarakilishi hutumia kujithibitisha inapoomba huduma mtandaoni. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi za Kiswahili katika uwanja huu si pambo la lugha tu, bali ni suala la usalama wa mali ya watu.

Mgeni anapobisha hodi huulizwa, “Nani?” Jibu lake huwa na hatua tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Kwanza, hujitambulisha kwa kutaja jina. Pili, mwenyeji huthibitisha kuwa jina hilo ni lake kweli. Tatu, mwenyeji humwidhinisha aingie sebuleni au aishie barazani. Programu inayobisha kwenye seva hupitia hatua zizo hizo. Programu hiyo ndiyo huitwa mteja.

Tuchukue mfano wa duka la vitabu mjini Kakamega, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambalo linataka programu yake ipokee malipo ya M-Pesa. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mwaka 2007. Mnamo 2017 kampuni hiyo ilifungua Daraja, jukwaa linaloziwezesha programu za watu wengine kuwasiliana na M-Pesa. Mwanafunzi anayeliandikia duka hilo programu kwa lugha ya Python anaweza kutumia Requests, maktaba ambayo imebeba mbinu kadhaa za uthibitishaji zikiwa tayari.

Mbinu ya kwanza ni ile ya msingi. Mteja hutuma jina na nywila katika kila ombi, vikiwa vimeandikwa kwa mfumo wa Base64. Hapa ndipo istilahi inapoweza kumponza msomaji. Akiambiwa kuwa nywila “imesimbwa”, atadhani imefichwa. La hasha! Katika mfumo huo neno “siri” huandikwa “c2lyaQ==”, na yeyote anaweza kulirejesha bila ufunguo wowote. Huko ni kubadilisha mwandiko tu. Kinachoficha ujumbe ni usimbaji fiche unaofanywa na njia ya mawasiliano yenyewe, yaani anwani inayoanza kwa https. Mbinu ya msingi ikitumiwa nje ya njia hiyo ni sawa na kutaja nambari ya siri kwa sauti ndani ya matatu.

Mbinu ya pili ni ya muhtasari. Seva humpa mteja thamani maalumu iliyoizalisha. Mteja huichanganya na nywila yake kwa kanuni ya kihisabati, kisha hurejesha matokeo. Seva nayo hupiga hesabu iyo hiyo na kulinganisha. Hivyo, nywila yenyewe haisafiri.

Mbinu ya tatu ni ya kibali cha muda, na ndiyo inayotumiwa na Daraja. Programu ya duka hutuma ufunguo wake na siri yake kwa mbinu ya msingi kupitia njia iliyosimbwa fiche. Hupewa kibali kinachodumu kwa takriban saa moja, nacho ndicho huambatishwa kwenye maombi yanayofuata. Faida yake ni kwamba siri ya kudumu haitumwi kila mara, na kibali kikiibwa hakitamfaa mwizi kwa muda mrefu.

Wengi hukiita kibali hicho “tokeni”. Neno hilo Wakenya wanalijua kutokana na umeme wa kulipia kabla. Hata hivyo, mfanano huo unapotosha. Tokeni ya umeme hukubaliwa na mita moja tu, hivyo jirani akiiokota haimsaidii. Kinyume chake, kibali cha aina hii mtandaoni humtumikia yeyote aliyekishika.

Mbinu ya nne ni ya hati dijitali. Mteja huonyesha hati iliyotiwa saini na mamlaka inayoaminiwa na seva, kisha huthibitisha kuwa anamiliki ufunguo wa faragha unaolingana nayo. Ufunguo huo hautoki kwake kamwe.

Ikumbukwe kuwa mnunuzi wa kitabu hathibitishwi kwa mbinu hizi. Ombi la malipo linapofika kwenye rununu yake, yeye huingiza nambari yake ya siri papo hapo, nayo programu ya duka haiioni. Programu inayomtaka mnunuzi aiandikie nambari hiyo imevuka mpaka. Anayeita nambari ya siri, ufunguo wa programu na kibali kwa neno moja “nywila” humnyima mnunuzi uwezo wa kuutambua mpaka huo.

Kwa kuhitimisha, inapendekezwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika kutenganisha istilahi hizi: kutambulisha, kuthibitisha na kuidhinisha; kubadilisha mwandiko na kusimba fiche; nywila, ufunguo na kibali. Maneno yote hayo lugha inayo tayari. Kilichosalia ni kila moja kupewa kazi yake na kufundishwa hivyo, ili mwenye duka aelewe anachokabidhi anapompa mtu mwingine ufunguo wa programu yake.