Ubovu Unaojificha Ndani ya Bawa

Machi 6, 2005, ndege aina ya Airbus A310 ya kampuni ya Air Transat iliruka kutoka Varadero, Cuba, kwenda Quebec, Kanada. Ikiwa angani, usukani wa mkiani ulinyofoka karibu wote. Marubani waliirudisha Varadero na hakuna aliyepoteza maisha. Wachunguzi wa Kanada walielekeza shaka yao ndani ya usukani wenyewe, kwenye ubovu uliokuwa umekua bila kuonekana kwa nje, wakaonya kwamba huenda ukaguzi wa kawaida hautoshi kuugundua mapema.

Usukani ule ulitengenezwa kwa nyuzi zilizoshikamanishwa na gundi ngumu, tabaka juu ya tabaka, katikati kukiwa na kiini chepesi cha matundumatundu. Leo karibu nusu ya uzito wa Boeing 787, ndege zinazorushwa na Air Tanzania na Kenya Airways, ni malighafi za jamii hiyo. Ni nyepesi, ni imara, wala hazishiki kutu. Lakini bati likigongwa hubonyea, na fundi akaliona. Hizi zikiangukiwa na spana huweza kubaki na alama ndogo tu juu, huku chini yake matabaka yamebanduka eneo pana zaidi.

Anayenunua chungu hukigonga kwa kidole asikie kama kina ufa. Mafundi wa ndege nao hugonga kwa nyundo ndogo, lakini sikio halifiki mbali. Ndiyo maana watafiti wanabandika vihisi na kupima mtetemo wenyewe. Kila kipande hutetemeka kwa kasi zake za asili, kutegemea ukakamavu na uzito wake. Matabaka yakibanduka ukakamavu hupungua, na kasi hizo hushuka.

Hushuka kidogo sana, na hapo ndipo penye kazi. Ukakamavu wa kipande kizima ukipungua kwa asilimia 2, kasi ya mtetemo hupungua kwa takriban asilimia 1 tu. Joto na baridi huweza kuleta badiliko kubwa kuliko hilo. Daraja la Z24 la Uswisi lilipimwa kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi, hatua kwa hatua, mwaka 1998. Lilikuwa la zege, lakini somo ni lilelile: barafu ilipoingia, lilikakamaa na mitetemo yake ikapanda, ingawa hakuna mtu aliyeligusa.

Kompyuta inasaidia hapa kwa sababu inaweza kujifunza tabia ya kipande kisicho na ubovu katika joto, baridi na mizigo mbalimbali, kisha ikashtuka pale kinapotoka nje ya tabia hiyo. Kuifundisha kwa mifano ya ubovu ni kugumu, maana hakuna atakayevunja mamia ya mabawa ili kukusanya data. Ninaposoma majaribio yanayojisifu kwa usahihi wa karibu asilimia 100, kwanza hutazama kama kipande kilichotumika kufundishia ndicho kilichotumika kupimia. Kikiwa kilekile, kompyuta imekariri kipande, haijajifunza ubovu.

Na hata ikishtuka kwa haki, bado haijasema tabaka lipi limebanduka. Inamwonyesha fundi sehemu ya kupeleka kipimo cha mawimbi ya sauti, na yeye ndiye anayeamua kama ndege itaruka.