Ganzi ya Vidole Inatoka kwenye Usukani

Wapo wenzetu wanaofika Tunguu na baiskeli asubuhi, wakakung'uta mikono kwanza ndipo washike kalamu. Kidole cha mwisho kimekufa ganzi, lawama inapewa barabara. Mara nyingi mkosa ni usukani.

Usukani ulionyooka, ule wa baiskeli za milimani, unalaza viganja chini na kupinda vifundo vya mikono. Uzito wa kiwiliwili unaangukia kiganjani, na mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho unabanwa. Usukani uliorudi nyuma, kama wa Phoenix za wazee wetu, unaelekeza mishikio kwako. Mkono unakaa kama unaposukuma toroli. Utaonekana wa kizamani, sawa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini wiki ya mitihani kidonda cha mkono si mchezo.

Urudi nyuma kiasi gani? Shika kalamu mbili, moja kila mkono, fumba macho, nyoosha mikono mbele bila kujikaza. Fumbua, tazama kalamu zimeelekea wapi. Tafuta usukani wenye pembe inayokaribia hiyo.

Halafu vipimo. Nenda kwa fundi na usukani wako wa zamani. Pale kati unapobanwa, baiskeli nyingi za zamani ni milimita 25.4 na nyingi za kisasa ni 31.8, haziingiliani. Kama breki zako ni za fito za chuma, muulize fundi kwanza, maana fito hizo zimefungwa kwenye usukani wenyewe. Upana nao uangalie: vichochoro vya Mji Mkongwe havitaki mapembe ya ng'ombe. Ila ukate kona kwa majaribio, ncha zisikugonge magoti.

Hasara ipo. Ukikaa wima, uzito unahamia kwenye kiti, kwa hiyo kiti kipana chenye springi kitakufaa. Na msimu wa kusi, ukitoka mjini kwenda Tunguu, kifua kinakuwa tanga. Hapo shika usukani kwa mbele, pale unapopinda, uiname kidogo.

Kabla hujaondoka kwa fundi, geuza usukani kulia na kushoto uone waya za breki hazivutiki. Ukiupandisha, usivuke alama iliyochongwa kwenye chuma chake. Mwisho, bana gurudumu la mbele kwa magoti uuzungushe kwa nguvu. Ukizunguka peke yake, mwambie akaze tena. Usiingie nao barabarani.