Vifupisho vya Kilatini katika Orodha za Maktaba

Makala haya yanakusudia kueleza vifupisho vya Kilatini vinavyopatikana katika orodha za maktaba, na kuuliza kama vyamfaa msomaji wa Afrika ya Mashariki.

Tuchukue mfano wa msomaji wa Zombe, katika Kitui, atafutaye kijitabu cha Kikamba kisichotaja kilipochapwa wala aliyekitoa. Katika kumbukumbu ya maktaba huenda akakuta [S.l. : s.n.]. Herufi hizo ni ufupisho wa sine loco, yaani "pasipo mahali", na sine nomine, "pasipo jina". Kanuni za Uingereza na Amerika za kuorodhesha vitabu, toleo la pili la mwaka 1978, ziliagiza vitumike. Hoja ya kuvitumia ilikuwa njema: Kilatini si lugha ya taifa lolote, basi kadi ya London na ya Nairobi zingesomeka sawasawa. Lakini kanuni hizo ziliziruhusu lugha zisizotumia hati ya Kirumi ziweke vifupisho vyake zenyewe. Kiswahili na Kikamba, kwa kuwa vyaandikwa kwa hati ya Kirumi, vikaachiwa Kilatini.

Jambo hili si dogo, kwani mahali pa uchapaji ni sehemu ya historia ya kitabu. Injili ya Marko katika Kikamba, kazi ya J. L. Krapf, ilichapwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Kwa jina hilo moja twajua jinsi maneno ya Ukambani yalivyosafiri kabla ya kuwa kitabu. Habari kama hiyo ikikosekana, msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo kwa maneno anayoyafahamu.

Kanuni mpya za RDA, zilizotolewa mwaka 2010, zimeviacha vifupisho hivyo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuzifuata mwaka 2013. Hata hivyo kumbukumbu nyingi za zamani zingali navyo.

Kwa Kiswahili twapendekeza "mahali hapakutajwa" na "mchapishaji hakutajwa". Tusiandike "hakuna mahali", kwa maana kila kitabu kimechapwa mahali fulani. Kilichokosekana ni habari tu. Vivyo hivyo et al., yaani "na wengine", ina badala iliyokwisha kuzoeleka miongoni mwa wanazuoni wetu: "na wenzake". Neno hili huonyesha ushirika wa kazi ambao Kilatini hakiutaji. Lakini penye nafasi, majina yote yaandikwe, kwani mwandishi asiyetajwa katika orodha hawezi kutafutwa kwa jina lake.