Pektini ya mpungate

Pektini ya mpungate ni pektini inayotolewa katika mimea ya jenasi Opuntia, hasa katika mapande bapa ya shina (ambayo wengi huyaita majani) na katika maganda ya matunda. Pektini ni kabohaidreti iliyomo katika kuta za seli za mimea, nayo ndiyo inayogandisha jamu. Ilipewa jina na mkemia Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1825. Ile ya madukani hutolewa zaidi katika maganda ya machungwa na malimau na katika makapi ya matufaha.

Asili ya mipungate ni Amerika. Spishi mojawapo, Opuntia stricta, imevamia malisho mengi ya Laikipia nchini Kenya. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na pande la shina likianguka huota mizizi. Mifugo inayokula matunda huumizwa midomo na matumbo na vimiiba vyake vidogo. Ndiyo maana wafugaji wangependa kujua kama mmea huo unafaa kwa lolote.

Ute si pektini

Ukikata pande la mpungate, hutoka ute unaovutika kama wa bamia. Wengi hudhani huo ndio pektini. Ute na pektini ni ndugu, na vyote viwili huganda vikitiwa katika alkoholi, lakini ute wenyewe haufanyi jeli. Hivyo jaribio linalofahamika jikoni, la kutia kijiko cha maji ya matunda katika spiriti na kutazama donge, linaweza kudanganya kwa mpungate. (Donge hilo lisionjwe kamwe, kwani spiriti ya kuchomea ni sumu.)

Kwa sababu hiyo ute hutolewa kwanza. Mapande huondolewa miiba, hukatwakatwa na kupashwa moto katika maji, kisha maji yenye ute huchujwa na kuwekwa kando. Makapi yanayobaki bado yameshika pektini, kwa kuwa kalsiamu iliyomo katika kuta za seli huifunga. Katika maabara hutumiwa kemikali inayoishika kalsiamu hiyo, kwa mfano EDTA, au asidi pamoja na joto. Mwishoni maji huchujwa tena, pektini hugandishwa kwa alkoholi, huoshwa, hukaushwa na kusagwa.

Namna inavyoganda

Pektini ya kawaida ya jamu ina vikundi vingi vya methili, zaidi ya nusu ya nafasi zinazoweza kuvibeba. Aina hiyo huganda tu penye asidi na sukari nyingi, kama asilimia 55 au zaidi. Ile inayotolewa katika mapande ya mpungate kwa kawaida ina vikundi vichache. Hiyo haihitaji sukari nyingi, ila lazima ipate kalsiamu. Anayeitia katika jamu kwa kufuata maelekezo ya pektini ya machungwa huenda akaishia na uji mwepesi, ingawa pektini yake haina kasoro. Upande wa faida, inafaa kwa vyakula vyenye sukari kidogo.

Matumizi na uvamizi

Huko Laikipia vikundi vya wanawake hutengeneza jamu na juisi kwa matunda ya mpungate. Kuvuna matunda hupunguza mbegu, mradi zile zinazobaki zichomwe, zisitupwe kichakani. Hata hivyo mmea mzima hauondoki kwa kuchumwa matunda. Kwa pektini ni afadhali kukata mapande yenyewe na kuyachemsha yote, kwani hata kipande kilichosahauliwa njiani kinaweza kuota.

Njia nyingine ya kuupunguza ni mdudu Dactylopius opuntiae, anayefyonza utomvu wake, ambaye ameachiliwa katika eneo hilo. Njia hizo mbili hazipatani vizuri sana: mdudu akifaulu, mvunaji hukosa malighafi, na mvunaji anayeanza kuilinda mipungate yake humrudishia jirani yake mfugaji tatizo lilelile.