Vijiji vya kale Puglia vyawapa wakulima mavuno ya pili

BAADHI ya wakulima wa Puglia, mkoa ulioko kusini-mashariki mwa Italia, huvuna mara mbili katika shamba moja. Hukamua zeituni kupata mafuta, kisha hupokea wageni wanaokuja kutazama vijiji vya kale na kulipia kitanda na chakula.

Kijiji kinachovuma zaidi ni Alberobello, kilometa 55 hivi kutoka Bari, mji mkuu wa mkoa huo. Zipo hapo nyumba zaidi ya 1,500 ziitwazo trulli. Zimejengwa kwa mawe ya chokaa yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikilia, na mapaa yake yamechongoka kama pia.

Ujenzi huo haukuwa mapambo. Wakati wa Ufalme wa Naples, kuanzisha makazi mapya kulitozwa kodi. Inasimuliwa kuwa bwana aliyemiliki ardhi hiyo aliwaamuru wakulima wake wajenge nyumba za kubomolewa upesi, mkaguzi wa mfalme akikaribia. Walitawaliwa na bwana huyo na warithi wake hadi mwaka 1797, Mfalme Ferdinand wa Nne alipowapa uhuru wao.

Mwaka 1996 UNESCO iliziingiza nyumba hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Leo nyingi ni maduka na vyumba vya kulala wageni.

Si mbali na hapo kuna Cisternino, kijiji cha wenye mabucha. Mteja huchagua nyama mbichi, hupimiwa, kisha mwenye bucha huichoma palepale na kumwandalia meza. Nacho kijiji cha Locorotondo, kilichojengwa kwa mviringo juu ya kilima, kimeipa jina lake divai nyeupe inayotengenezwa huko.

Sheria yamlinda mkulima

Biashara ya kulaza wageni shambani huko Italia huitwa agriturismo. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 1985, na ikafuatiwa na nyingine mwaka 2006. Anayeruhusiwa kuifanya ni mkulima, na kilimo lazima kibaki kuwa kazi yake kuu. Chakula anachouza nacho kinapaswa kutoka kwa sehemu ya kutosha katika shamba lake mwenyewe.

Kwa mpango huo, mafuta, jibini na mboga huuzwa mezani bila kupitia kwa mchuuzi wa kati, na mgeni akiondoka huweza kununua chupa ya kubeba.

Ugonjwa waleta hasara

Hata hivyo, mwaka 2013 uligunduliwa karibu na mji wa Gallipoli, kusini mwa mkoa, ugonjwa unaokausha mizeituni. Husababishwa na bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, anayeziba njia za maji ndani ya mti. Hubebwa na mdudu mdogo anayefyonza maji ya mimea. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa.

Amri ya kukata miti ilipingwa na baadhi ya wakulima, ambao mizeituni yao ilipandwa na mababu. Wakati mabishano yakiendelea, ugonjwa ulisogea kaskazini hadi maeneo ya Ostuni, mji uliopakwa chokaa nyeupe, wenye bonde la mizeituni ya karne nyingi. Mamilioni ya miti yamekauka.

Wakulima sasa hutakiwa kulima na kufyeka magugu majira ya kuchipua, kwa kuwa watoto wa mdudu huyo hukulia humo. Wanaopanda upya hutumia aina zinazohimili ugonjwa, kama Leccino na Favolosa.

Mche mpya huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri. Katika kipindi hicho, mwenye vyumba vya wageni ana pa kushika kuliko aliyetegemea zao moja. Lakini naye hawezi kulisahau shamba, kwa kuwa mgeni anayefuata nyumba za mawe hutarajia pia kuikuta mizeituni ikiwa hai na mafuta yake yakiwa mezani.