Kukua na Kugawanyika: Istilahi za Kasoro katika Seli za Mwani wa Kijani

Mvua zikatikapo katika nyanda za Kitengela na Kajiado, maji ya malambo hutuama, na pengine hugeuka rangi yakawa ya kijani. Mwenye kuyatazama husema kwamba mwani "umekua". Neno mwani, ambalo asili yake ni majani ya baharini, limekwisha kupanuliwa maana hata likawaingiza viumbe wa seli moja. Lakini kitenzi "kukua" kinafunika matendo mawili yasiyofanana: seli kuzidi ukubwa, na seli kuzidi idadi.

Tofauti hiyo yadhihirika katika Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja uishio katika maji baridi na udongo. Seli yake ina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Mchana hukua kwa nguvu ya mwanga bila kugawanyika; usiku hugawanyika mara kadhaa mfululizo, ikatoa seli 2, 4, 8 au 16, kwa kadiri ilivyokua. Ukubwa, basi, ndio uamuao idadi ya migawanyiko.

Kasoro huzuka mizani hiyo inapoharibika. Mwaka 2001, James Umen na Ursula Goodenough walionyesha kwamba jeni iitwayo MAT3 ikikosekana, seli hugawanyika kupita kiasi, zikawa ndogo mno. Mwaka 2006 ikabainishwa kwamba jeni nyingine, DP1, ikiharibika, hutokea kinyume: migawanyiko hupungua na seli huwa kubwa kuliko kawaida. Kasoro zote mbili zikiitwa "ukuaji mbaya", msomaji hatajua ipi ni ipi.

Jambo hili haliishii kwenye mwani. MAT3 ina jeni mwenziwe katika mwili wa binadamu, ambayo ikiharibika katika jicho la mtoto huweza kuleta saratani. Mfasiri akiandika kwamba saratani ni "seli kukua ovyo", mzazi wa Kajiado huenda akadhani seli zimevimba tu, ilhali zimegawanyika pasipo kizuizi.

Yafaa, basi, "kukua" kubakie kwa ukubwa, "kugawanyika" kwa tendo la seli moja kuwa nyingi, na "kuongezeka" kwa idadi. Maneno yote matatu yamo vinywani mwa watu. Kilichobaki ni kuyawekea mipaka.